Mazrui: jina la nani, na mtoto aandikweje?

Swali limetoka Malindi, kwa mama mmoja kijana. Anasema ameolewa na Mazrui ambaye asili ya baba yake ni Takaungu. Wamejaaliwa mtoto wa kiume na karibuni watamwandikisha cheti cha kuzaliwa. Mume ameandikwa "Mazrui", nduguye "Almazrui", na shangazi yao anayeishi Abu Dhabi "Al Mazrouei". Shemeji yake ameshikilia kwamba yule beki wa Morocco, Mazraoui, na waziri wa nishati wa Falme za Kiarabu, Al Mazrouei, wote ni jamaa zao. Ana pia binti wa ndoa ya kwanza, na binti huyo ameanza kuuliza mbona kaka yake atakuwa Mazrui na yeye sivyo. Anauliza: jina hili lina maana gani, nani ana haki nalo, naye mtoto aandikweje?

Marahaba mwanangu, na hongera. Mungu amkuze mtoto na amweke kwenu.

Nianze na lile ambalo ukilishika, mengine yatakaa mahali pake. Mazrui ni nisba. Nisba huonyesha mtu ameshikana na kabila gani au mji gani, kama mtu anavyoitwa Barwani, Shirazi, Mandhry au Lamy. Haionyeshi nani ni nduguyo wa damu. Undugu wa damu huonyeshwa na nasaba, yaani mfululizo wa majina: fulani bin fulani bin fulani, hadi mkutane kwa babu mmoja. Nisba bila nasaba hukufikisha mlangoni tu. Wengi siku hizi wanaandika jina kwenye simu, wanaona picha ya mtu mashuhuri, kisha wanarudi nyumbani na habari ya undugu. Jambo hili linanihuzunisha kwa sababu wazee wenye nasaba zenyewe wako hai, wamekaa barazani, na hakuna anayewauliza.

Kuhusu maana. Kwa Kiarabu jina hili lina asili ya kupanda na kulima, asili ileile iliyotupa neno zaraa ambalo Waswahili wa zamani walitumia kwa kilimo. Mazru ni kilichopandwa, na Mazrui ni mtu wa hao. Watu wa kabila zima huitwa Mazari. Maana hii isikupeleke mbali. Haisemi kwamba babu wa kwanza alikuwa mkulima, wala kwamba watu hawa waliletwa pwani kulima. Jina la kabila likishakuwa jina la kabila, watu hulibeba karne nyingi bila kujali neno lilianzaje. Huko Oman makao yao yanayotajwa sana ni upande wa Rustaq.

Ndani ya jina mna herufi ain, ile inayotoka kooni, mara tu kabla ya ile "i" ya mwisho. Kiswahili hakina sauti hiyo, kwa hiyo tuliiacha tukasema Mazrui, na hivyo ndivyo linavyoandikwa Mombasa na Takaungu. Kwenye nchi za Ghuba wanaoliandika kwa herufi za Kilatini hujitahidi kuionyesha kwa njia zao, ndiyo maana unaona Mazrouei, Mazroui, Mazrooei. "Al" ya mbele ni alama tu ya Kiarabu. Basi mume wako, nduguye na shangazi wa Abu Dhabi wana jina moja lililoandikwa na makarani watatu.

Sasa madai ya shemeji. Kuhusu waziri Suhail Al Mazrouei, aliyeshika wizara ya nishati ya Falme za Kiarabu tangu mwaka 2013, shemeji amesema nusu ya kweli: kwa Kiarabu jina lake huandikwa sawasawa na la kwenu. Lakini huko Mazari wanahesabiwa miongoni mwa watu wa Bani Yas, na wa Takaungu walitoka Oman kuja Mombasa zaidi ya miaka mia mbili na sabini iliyopita. Hadi mtu alete majina ya mababu wa pande zote mbili yakutane, hao ni watu wa jina moja. Kuhusu mchezaji Noussair Mazraoui, hapana. Yeye ni mtoto wa Wamorocco aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1997, na jina lake kwa Kiarabu halina ile ain. Ni jina jingine linalofanana kwa sikio tu.

Niongeze na wengine kabla shemeji hajawapata. Pakistan kuna Wamazari, kabila la Wabaluchi, na mmoja wao, Balakh Sher Mazari, alikuwa waziri mkuu wa muda mwaka 1993. Afghanistan alikuwako kiongozi wa Wahazara, Abdul Ali Mazari. Nisba yake ni ya Mazar-i-Sharif, mji uliopewa jina la kaburi linalozuriwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehusiana na Takaungu. Herufi za Kilatini huwafanya wote waonekane ndugu. Kwa Kiarabu na kwa historia kila mmoja ana njia yake.

Mazrui wa kwetu historia yao inajulikana vizuri kuliko ya koo nyingi za pwani. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Maliwali, yaani magavana, walitumwa kutoka Oman kuitawala Mombasa, na miongoni mwao, mnamo mwaka 1739, alikuwa Muhammad bin Uthman al-Mazrui. Huko nyuma Oman utawala ukaingia mikononi mwa Ahmad bin Said, wa kwanza kutawala katika ukoo wa Albusaidy. Muhammad bin Uthman alikataa kumtii: kwake, aliyemweka kazini alikuwa imamu, na Busaidy hakuwa na haki ya kumwamuru. Akauawa mwaka 1746 na watu waliotumwa kutoka Oman. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitoroka kifungoni, akarudi na watu wa Mombasa nyuma yake, akaitwaa ngome. Tangu hapo hadi mwaka 1837 Wamazrui walitawala Mombasa kama wenye mji, wakisaidiwa na Taifa Tatu na Taifa Tisa, yaani miungano ya Waswahili wa mji huo, na wakiwa na urafiki na Wamijikenda wa bara. Wakati fulani mkono wao ulifika Pemba, na kuteremka pwani hadi upande wa Pangani.

Mimi naandika kutoka Amu, yaani Lamu, na hapa jina hilo lina kumbukumbu nyingine ambayo ni haki uijue. Karibu mwaka 1812 Wamazrui na watu wa Pate waliungana kuishambulia Lamu, wakateremka Shela. Watu wa Amu waliwashinda. Inasimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vikabaki mchangani, na waliokimbilia pwani hawakuwa na njia ya kuondoka. Muyaka bin Haji alitunga upande wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi akajibu upande wa Amu, na mashairi hayo bado yanasomwa. Baada ya vita watu wa Amu, kwa kuogopa kisasi, walimwita Sayyid Said Albusaidy wa Oman awalinde. Ngome iliyo katikati ya mji wetu ilikamilishwa karibu mwaka 1821 chini ya ulinzi huo. Kwa maneno mengine, mlango ambao Albusaidy waliingilia pwani hii ulifunguliwa na vita vya Mazrui. Wamazrui wenyewe walijaribu kupata kinga ya Uingereza. Bendera yake ilipepea Mombasa tangu 1824 hadi 1826, kisha Uingereza ikajiondoa. Mwaka 1837 Sayyid Said aliingia Mombasa. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, na wakubwa wenzake walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, na huko wakafia.

Waliosalia waligawanyika. Mlango mkubwa, yaani tawi kubwa la ukoo, ulikwenda Gazi, kusini mwa Mombasa. Mlango mdogo ulikwenda Takaungu, kusini ya hori la Kilifi. Hao wa Takaungu ndio watu wa mume wako, kama nasaba yao inavyosema. Malindi nayo, iliyokuwa magofu, ilianza kujazwa upya na Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar, mwaka 1861 kwa watu na askari kutoka Zanzibar, kwa hiyo Malindi mpya ilikuwa mji wa Busaidy na Takaungu ya Mazrui ikawa jirani yake wa kusini. Mazrui aliyehamia Malindi alihamia mji wa wapinzani wa baba zake. Leo hakuna anayelihisi hilo, na ni vizuri, lakini ndiyo sababu ukiuliza makaburi ya mababu wa Mazrui wa Malindi, jibu mara nyingi litakurudisha Takaungu.

Hapa ndipo ninapotaka utulie nami kidogo, kwa kuwa historia ya Takaungu ndiyo inayojibu swali lako la kumwandika mtoto kuliko kitabu chochote cha sheria.

Mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Kukatokea ugomvi wa nani akalie kiti chake. Waingereza, waliokuwa wameshashika pwani, walimtaka mtoto wake, Rashid bin Salim. Aliyempinga alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu: Mbaruk bin Rashid. Huyu akakimbilia kwa mzee wa Gazi, mpiganaji aliyewasumbua masultani kwa miaka mingi, na jina la mzee huyo lilikuwa Mbaruk bin Rashid. Vita vilienea pwani hadi mwaka 1896. Ilibidi Waingereza walete askari kutoka India. Mzee wa Gazi alivuka mpaka Aprili 1896 akajisalimisha kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Tazama majina hayo. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, wawili, wakati mmoja, upande mmoja wa vita. Rashid bin Salim al-Mazrui, wawili pia: mmoja ni liwali wa mwisho wa Mombasa aliyefia uhamishoni, mwingine ni yule wa Takaungu aliyetakwa na Waingereza. Karani anayesoma barua za miaka hiyo akiwa na jina, jina la baba na nisba peke yake hupotea kabisa, na nimeona maandishi yanayowachanganya. Kinachowatenga ni babu. Yule wa Gazi ni Mbaruk bin Rashid bin Salim. Yule wa Takaungu ni Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Liwali wa Mombasa ni Rashid bin Salim bin Ahmad. Wa Takaungu ni Rashid bin Salim bin Khamis. Koo zetu hurudia majina ya mababu kwa mapenzi, mjukuu huitwa babu, na babu aliitwa babu yake. Kwa hiyo jina la tatu ndilo lenye kazi, kuliko la nne.

Watu mashuhuri wa jina hili wanafuata njia hiyohiyo. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alikuwa mwanachuoni mkubwa wa karne ya 19. Wamazrui walikuja pwani wakiwa Maibadhi, madhehebu ya watawala wa Oman, na kizazi baada ya kizazi wakawa Mashafii, madhehebu ya Kisuni ya Waswahili. Sheikh Ali aliyahubiri madhehebu haya ya Kisuni waziwazi hata akafungwa Zanzibar wakati wa Sultani Sayyid Barghash, akaachiwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Mtoto wake ni Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, Kadhi Mkuu wa Kenya, mwenye magazeti ya Sahifa na Al-Islah ya miaka ya 1930, naye ndiye aliyeandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa ukoo wake. Yale niliyokusimulia kuhusu Mombasa, mengi tunayajua kwa sababu yeye aliketi akayaandika. Mtoto wa Sheikh Al-Amin ni Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, akafundisha Makerere, kisha Marekani, akafariki huko Oktoba 2014 na kurudishwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo karibu na Ngome ya Yesu. Kuna pia Alamin Mazrui, mwandishi na mwanaisimu, na Sheikh Muhammad Kasim Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu miaka ya 1960. Mwanao atakapokua na kuulizwa darasani kama Profesa ni babu yake, ajibu kwamba ni wa ukoo mmoja, na aweze kutaja mlango wake mwenyewe. Jibu hilo ni la heshima na ni la kweli.

Si kila mwenye jina hili ana damu ya Muhammad bin Uthman na nduguze, na si aibu kusema hivyo. Takaungu na Gazi zilikuwa na mashamba makubwa, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Wengine walitoroka wakaanzisha vijiji vyao bara, Fuladoyo kikiwa kinachojulikana zaidi. Wengine walibaki hadi utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, na wengi waliendelea kuitwa kwa jina la nyumba walimokuwa. Sheria ya Kiislamu inalijua jambo hili na inaliita walaa, mfungamano wa aliyeachwa huru na aliyemwacha huru. Vilevile kulikuwa na watu wa bara waliosilimu na kuingia katika nyumba za Wamazrui kwa ndoa au kwa urafiki. Wajukuu wao wanalibeba jina hili kwa haki ya historia, na anayewadharau kwa hilo hajui dini wala hajui pwani. Ninachokataa mimi ni nasaba ya kutungwa, mtu kujiunganisha na babu asiyekuwa wake ili aonekane. Kama ukoo wa mume wako ulipata jina kwa njia ya walaa au kwa njia ya damu, yote mawili yaandikwe kama yalivyo katika daftari la nyumbani.

Kuhusu wewe mwenyewe: usibadilishe kitu. Mwanamke wa pwani huolewa akabaki binti wa baba yake. Kuitwa Bi Mazrui na majirani ni adabu ya watu, kitambulisho chako kibaki na jina la baba yako. Ukibadilisha, vyeti vyako vya shule vitakuwa vya mtu mwingine.

Binti yako sasa, na hili nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko mengine. Usimwandike Mazrui. Aya ya 5 ya Surat al-Ahzab imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao, na hapo hapo imesema wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Sababu zake ni za siku za mbele. Siku ya nikaha yake, walii, yaani anayemwozesha, ni baba yake au jamaa wa baba yake. Jina likiwa la mtu mwingine, Kadhi atauliza maswali ambayo hakuna msichana anayependa kuyajibu siku hiyo. Kwa mirathi, Mwislamu wa Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, na jina halimpi binti wa kambo fungu. Lakini mume wako anaweza kumwachia wasia hadi theluthi ya mali yake, na hilo lina uzito kuliko neno moja kwenye cheti. Na kwa dini, mume wako ni maharimu wa binti, yaani hawezi kumwoa kamwe, kama baba. Mketisheni binti, wote wawili, mwambieni hayo kwa maneno ya nyumbani. Mfundisheni na yeye mfululizo wa baba zake kama kaka yake atakavyofundishwa wa kwake. Mtoto anayeuliza jina lake mara nyingi anauliza kama ana mahali.

Mtoto wa kiume mwandikeni hivi: jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha Mazrui. Msiiache nafasi ya babu ili jina liwe fupi. Maneno "bin" na "al" yaacheni. Kwenye kompyuta za serikali "Al-Mazrui", "Al Mazrui" na "Almazrui" ni watu watatu. Tumieni tahajia iliyo kwenye kitambulisho cha baba mtoto, herufi kwa herufi. Ndugu yake aliye "Almazrui" hana haja ya kubadilisha chochote, ila awe na hati ya kiapo inayoeleza kwamba ni jina moja, kwani siku ya kugawa shamba au kudai pensheni ya mzee ataulizwa.

Kabla ya kwenda kwa msajili, baba mkwe akiwa na nguvu, mkalisheni aseme majina ya baba zake hadi anapofika, na mmoja wenu aandike. Akikwama katikati, nendeni Takaungu mkamuulize mkubwa wa mlango wao, kisha yale majina yaandikwe kwa herufi za Kiarabu vilevile, ain ikiwa mahali pake. Nakala moja mpeni na shangazi wa Abu Dhabi. Huko ndiko ataulizwa "Mazrui wa nani?", na safari hii atakuwa na la kujibu.